Tanganyika na Ruanda-Urundi: koloni moja la Mjerumani, serikali mbili tofauti

Mjerumani alipotolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, koloni lake la Afrika Mashariki likakatwa, Tanganyika kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, wote wasimamie kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa. Udhamini ni uleule kwenye makaratasi lakini uendeshaji loh!

Mwingereza alianza na gavana Byatt, yeye aliwaacha tu maakida (watawala wadogo walioteuliwa) wa Mjerumani waendelee kukusanya kodi, ndo mwaka 1925 akaja gavana Cameron akageuza kila kitu, mwaka uliofuata akatoa sheria ya mamlaka za wenyeji, chifu apate baraza, mahakama na hazina yake. Shida ni kwamba sehemu zingine hata chifu hakukuwepo, ikabidi atafutwe! Baraza la kutunga sheria nalo likaanza 1926 ila Mwafrika hakuwekwa hata mmoja.

Mbelgiji yeye 1925 hiyohiyo akaiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo kiutawala, halafu akapangua machifu, Wahutu wakatolewa wakawekwa Watutsi, na mwami (mfalme) wa Ruanda, Musinga, aliyekuwa mgumu akavuliwa ufalme 1931, akawekwa mwanae Rudahigwa. Baadaye zikaja karatasi za utambulisho zinazoandika we ni Mhutu au Mtutsi.

Mi naona kote walitawala kupitia machifu, ila Mbelgiji alikazia kabila moja, hapo ndo alipoharibu.