Hita ya maji ya sola kwenye nyumba ya wageni shambani Njombe: uzoefu wangu msimu wa baridi

Tuna nyumba ndogo ya wageni katikati ya shamba la parachichi na viazi, nje kidogo ya mji wa Njombe. Wanaolala kwetu wengi ni wanunuzi wa parachichi, watumishi waliokuja kikazi, na ndugu wa watu wanaokuja misibani na harusini. Kuanzia Juni mpaka Agosti huku ni baridi ya kweli. Mabondeni umande huganda alfajiri na majani ya viazi yanaungua yakawa meusi. Mgeni kutoka Dar atavumilia godoro gumu, lakini maji ya baridi saa kumi na mbili asubuhi hayavumilii, na simlaumu.

Hita ya sola tuliyofunga ni ile ya mirija ya vioo, lita 200, mirija 20, isiyotumia presha, yaani maji yanashuka tu yenyewe kutoka tankini. Kila mrija una kuta mbili za kioo na katikati yake hewa imeondolewa, kwa hiyo upepo wa nje hauna njia ya kulifikia joto la ndani. Maji yakishapata moto kwenye mirija yanapanda yenyewe tankini, ya baridi yanashuka kushika nafasi yake. Hakuna pampu. Siku ya jua, hata kama nje watu wamevaa makoti mchana kutwa, maji ya jioni lazima uchanganye na ya baridi ndipo uoge.

Kinachoiangusha ni ukungu, na Njombe ukungu tunao. Julai iliyopita ulitanda siku mfululizo, maji yakawa ya uvuguvugu tu. Hita ina koili ya umeme kwa siku kama hizo, ila umeme nao ulikuwa umekatika. Mzee mmoja aliyekuja kumzika ndugu yake alitoka bafuni, taulo begani, akaniambia taratibu, "Mwanangu, haya maji yamenishinda." Niliumia. Tulimchemshia kwa kuni na kumpelekea ndoo, akaoga, akawahi msibani. Kwa hiyo kama una pipa lako la chuma la kuchemshia maji kwa kuni, usiliuze kwa sababu umenunua sola. Letu lipo nyuma ya jiko na kuni zake kavu zimewekwa chini ya bati.

Pamoja na hayo siiachi hita hii, na sababu kubwa ni mkaa. Zamani mgeni akizidiwa na baridi usiku alikuwa anaomba jiko la mkaa aingize chumbani. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, na inaua watu wakiwa usingizini. Nilikuwa nakataa, wengine wananuna kabisa. Siku hizi jioni najaza maji ya hita kwenye ile mifuko ya mpira ya maji ya moto, naivisha kitambaa kizito, naiweka kitandani upande wa miguuni kabla mgeni hajalala. Maombi ya jiko yamekwisha. Kwangu mimi hapo tu pesa yangu imerudi.

Sasa vituko vya kuifunga. Fundi wa kwanza alitaka kuiweka upande wa paa unaotazama magharibi kwa kuwa ndiko kwepesi kupanda. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo mirija lazima itazame kaskazini. Tulibishana, akakubali. Kisha akafungulia maji saa saba mchana, mirija ikiwa imekaa juani mitupu tangu asubuhi. Mmoja ukapasuka pale pale. Mrija mtupu juani unachemka mno, na maji ya baridi yakiugusa ghafla kioo hakihimili. Mwambie fundi wako ajaze alfajiri, au aifunike mirija kwa turubai kwanza.

Halafu panya. Bomba linalotoka kwenye hita kwenda vyumbani tulilivisha sponji ili maji yasipoe njiani. Baridi ilipokaza, panya wakaichuna yote wakatengenezea viota darini. Tukagundua kwa sababu mgeni wa chumba cha mwisho alikuwa anamwaga karibu ndoo nzima kabla ya maji ya moto kumfikia. Tuliivisha upya, na juu yake tukapitisha bomba kubwa la plastiki. Hawajairudia.

Jambo moja ambalo muuzaji hakunieleza: angalia ncha ya chini ya kila mrija. Kuna doa linalong'aa kama fedha. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeshaingia na mrija huo hautunzi joto tena, hata kama hauna ufa. Mimi huipitia yote mwezi Mei, kabla baridi haijaanza.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya vipuri. Mrija uliopasuka niliutafuta Njombe, nikautafuta Makambako, mwishowe ukatoka Dar kwa basi ukiwa umeviringishwa kwenye godoro, na nauli yake ilikaribia bei ya mrija wenyewe. Unaponunua, chukua mirija miwili mitatu ya ziada na mipira yake ya kuzuia kuvuja siku hiyo hiyo.