Sanduku la Huduma ya Kwanza la Shilingi 6,500: Tathmini ya Muuguzi wa Shule Baada ya Muhula Mmoja

Mwishoni mwa Aprili, siku chache kabla ya muhula wa pili kufunguliwa, bursa wa shule ninakofanya kazi hapa Nairobi aliniidhinishia shilingi 6,500 za kununua sanduku jipya la huduma ya kwanza. Lile la zamani lilikuwa limeliwa na kutu kwenye bawaba, na kwa muda wa mwaka mmoja nilikuwa nikilifungua kwa mpini wa kijiko. Nililinunua jipya katika duka dogo la vifaa vya matibabu lililo karibu na Mtaa wa Tom Mboya, nikapanda nalo matatu hadi shuleni nikiwa nimelipakata kama mtoto. Tangu hapo nimelitumia muhula mzima katika shule ya upili ya mseto, yenye wanafunzi wa kutwa na wa bweni zaidi ya 700, ambamo muuguzi ni mimi peke yangu.

Nianze na sifa zake, kwa sababu zipo. Sanduku ni la plastiki ngumu ya rangi ya kijani lenye msalaba mweupe, na lina mpini ulio imara pamoja na vibanio viwili vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Jambo hilo la mkono mmoja linaweza kuonekana dogo kwa mtu asiyewahi kushika pua ya mtoto inayotoka damu huku akitafuta shashi. Ndani mna trei mbili zinazoinuka kifuniko kinapofunguliwa, hivyo kila kitu huonekana bila kupekua. Limeanguka mara mbili kutoka mezani, na mara moja kutoka kwenye ngazi za bweni la wavulana, wala halikupasuka. Mkasi wake unakata kitambaa cha sare bila kukitafuna, na glavu zake hazichaniki wakati wa kuvaliwa, tofauti na zile za bei rahisi ambazo hubaki vipande viwili mkononi.

Kasoro yake kubwa haiko katika ubora wa vifaa. Iko katika mtu aliyekusudiwa wakati sanduku linapangwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri nchini Kenya awe na sanduku la huduma ya kwanza mahali pa kazi, na ninavyoona mimi, wauzaji wengi wa katikati ya jiji hupanga masanduku yao wakimfikiria fundi wa karakana au mfanyakazi wa kiwandani. Ndiyo sababu nilikuta humo bendeji za pembetatu 12, bendeji pana za kufungia viungo, vitambaa vya kufunika macho, mafuta ya kupaka palipoungua na pamba nyingi isiyo na kazi, kwa maana pamba huacha nyuzi kwenye kidonda na sijaitumia juu ya jeraha hata siku moja. Mpangaji alidhani kwamba dharura lazima ije na damu.

Sasa tulinganishe na daftari langu. Jumanne moja ya mwezi Juni, ambayo haikuwa siku ya ajabu kwa namna yoyote, niliandika majina 23. Wanne tu walikuwa na jeraha: goti lililochunika uwanjani, kidole kilichobanwa na dawati, mdomo uliopasuliwa na kiwiko katika mpira wa kikapu, na mvulana aliyeungua mkono kwa chai ya jikoni. Huyo wa mwisho alikuwa tayari amepakwa dawa ya meno na rafiki zake, kama kawaida yetu, ikabidi nimsimamishe kwenye bomba kwa dakika 20 maji yakitiririka juu ya mkono. Mafuta yaliyomo sandukuni sikuyagusa, kwa kuwa palipoungua huhitaji maji safi kabla ya kitu kingine chochote. Goti nalo niliosha kwa maji na sabuni. Ile chupa ya spiriti, ambayo wanafunzi huiogopa kuliko kidonda chenyewe, nimeiweka kando kwa ajili ya kusafishia kipimajoto.

Waliosalia walikuwa 19, na wengi wao walisema maneno yale yale: tumbo linauma. Hapa ndipo kazi ya muuguzi wa shule ilipo, na hapa ndipo sanduku linapokosa la kusema. Tumbo linaweza kuwa hedhi, kuhara, au njaa ya mwanafunzi wa kutwa aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kunywa chai ili asichelewe foleni ya magari ya Barabara ya Jogoo. Linaweza pia kuwa mtihani wa hisabati wa saa nne, na huo nao huuma kwelikweli, hata kama mwalimu wa zamu anaamini kila anayekuja kwangu ni mtoro. Swali langu la kwanza huwa moja: "Umekula nini leo, mwanangu?" Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikuja kwa tumbo siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilimpa kikombe cha uji, nikaendelea kupanga kadi zangu bila kumtazama, na baada ya nusu saa hivi akasema kwamba nyumbani wamehamishwa na hajui watalala wapi wikendi hiyo. Mwalimu wa ushauri nasaha alilichukua suala hilo mchana uleule. Kijikaratasi cha maelekezo kilichokuja na sanduku kina kurasa nane na hakina hata mstari mmoja unaomfaa msichana yule, nami silaumu, ila ninataka mkuu wa shule ajue kwamba dakika 30 zile zilikuwa matibabu sawa na bendeji.

Upungufu ulioniudhi kweli ni wa sodo. Tangu mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi inaitaka serikali iwape wasichana walio shuleni sodo bila malipo, kwa hiyo si jambo geni wala la kuonea haya. Hata hivyo, katika sanduku lenye pini za kufungia bendeji za kutosha kushonea shela la bibi arusi, hamna sodo moja. Msichana anayekuja kwangu akiwa amejifunga sweta kiunoni hahitaji kueleza lolote, na anayeona kwamba nimekwishaelewa hurudi darasani kabla somo halijaisha. Sasa trei yote ya chini nimeifanya ya sodo, nguo za ndani mpya na mifuko ya karatasi, na bendeji za pembetatu nimezihamishia kabatini, zikabaki mbili.

Pumu ni jambo la pili lisilofikiriwa. Muhula wa pili ndio muhula wa baridi ya Nairobi, na mwezi Julai, asubuhi yenye mawingu mazito na vumbi la ujenzi lililo karibu nasi, sipitishi wiki bila kifua kinachopiga mluzi. Dawa ya kuvuta yenye salbutamoli huja na mwanafunzi mwenyewe, lakini bila chombo cha katikati cha kupitishia dawa, sehemu kubwa yake huishia kooni. Chombo hicho hakimo sandukuni. Nimekuwa nikitengeneza changu kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, njia rahisi inayofanya kazi vizuri, lakini mteja aliyelipa shilingi 6,500 hapaswi kuokota chupa.

Vitu vingine nitavipitia kwa haraka. Kipimajoto ni cha dijitali na kinakubaliana na changu cha zamani. Chumvi za kuongezea maji mwilini zilikuwa pakiti mbili, nazo ziliisha katika wiki ya kwanza. Vipimo vya haraka vya malaria havimo, na muuzaji hangeweza kujua kwamba vinahitajika hapa jijini, ambako malaria si nyingi. Lakini wanafunzi wa bweni wanaotoka likizo Busia, Siaya na Kisumu huja na vimelea mwilini bila dalili, kisha homa huwashukia wiki ya pili ya muhula, wakati ambapo kila mtu anadhani ni mafua ya baridi. Dawa ya iodini ilikuwa imebakiza miezi mitano tu kabla ya kuisha muda wake, kwa hiyo kagueni tarehe mkiwa bado dukani.

Kuna siku moja ambapo sanduku lilinisaidia jinsi nilivyotarajia. Mvulana mwenye kifafa alianguka gwarideni, na wenzake wakawa wanatafuta kijiko cha kumtia mdomoni. Niliwazuia, nikamlaza ubavu, nikamwekea sweta chini ya kichwa, nikaangalia saa. Dakika tano zikipita huwa napiga 1199 kuomba ambulensi ya Msalaba Mwekundu. Safari hiyo zilikuwa mbili na nusu. Alikuwa amejikwaruza paji la uso kwenye kokoto, na vibanio vikafunguka kwa mkono mmoja, shashi ikawa palepale juu, glavu zikavalika, na mkono wangu wa pili haukuondoka begani kwake. Alipopata fahamu aliuliza kama wasichana wamemwona. Nilimwambia wameniona nami nikiwa nimepiga magoti kwenye tope, kwa hiyo aibu tumegawana.

Ninalipatia sanduku hili nyota tatu kati ya tano kwa shule, na ningelipatia nne na nusu kama ningekuwa nafanya kazi katika gereji. Wiki iliyopita nilirudi dukani kununua lingine kwa ajili ya basi la shule, nikamwomba mwenye duka aondoe bendeji za pembetatu kumi na pamba yote, aniwekee badala yake sodo, glukosi na chumvi za kuongezea maji. Alitoa kalamu akapiga hesabu upya na kunirudishia shilingi 350, kisha akaniuliza kwa mshangao kama shuleni kwetu watoto hawaumii.