Nusu Siku Saadani: Tembo wa Mkonga, Si la Mnazi

Habarini za jioni, wapenzi. Karibuni barazani kwangu, hapa hapa Dunda, Bagamoyo. Mkisikia bodaboda zinapita nivumilieni, mtaa ndio huu. Leo sina simu ya kuchambua, sina blenda wala mafuta ya nywele. Leo nachambua safari: nusu siku kwenda kuwaona tembo Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kutoka alfajiri na kurudi mchana. Nimelipa kwa hela yangu, hakuna aliyenipa ofa, kwa hiyo nikisifia nimesifia, nikiponda nimeponda.

Ila kwa sisi watu wa pwani, ukisema "nakwenda kutafuta tembo" unajua mwenyewe utakavyoeleweka. Nilipomuaga baba mkubwa, mzee akaingia ndani, akatoka na dumu la lita tano. "Nijazie, mwanangu, liwe la asubuhi, lisije likawa limechacha." Nikamwambia baba, ni tembo wa mkonga, si la mnazi. Akacheka, lakini dumu akalitia garini vilevile.

Haya. Tulikuwa watano: mimi, mama mkubwa, mtoto wa kaka yangu wa miaka tisa, na mashoga zangu wawili ambao hawataki kuonekana kwenye video, na nawaheshimu.

Wakala wa kwanza niliyempigia aliniambia hivi: "Dada, tembo asilimia mia, mtawashika, mtawalisha ndizi, mtapiga nao picha." Nikamshukuru nikakata simu. Jamani, Saadani hakuna tembo wa kushikwa. Ni wanyama wa mwitu, hakuna mwenye kamba yao. Mtu akikuahidi hivyo, ama anakudanganya, ama huko anakokupeleka kuna mnyama amefungwa mnyororo, na katika hayo mawili sijui lipi ni baya zaidi.

Najua wengi mmeona zile video za Thailand, mtu kakaa juu ya mgongo wa tembo, mwingine anampaka tope mtoni, wote wanacheka. Mnaniandikia, "kwetu mbona hatuna?" Sikilizeni. Wale wengi ni tembo wa Asia waliofugwa. Ndama anatenganishwa na mama yake, anabanwa kwenye kizimba cha magogo, anapigwa na kunyimwa usingizi mpaka moyo uvunjike, awe mtiifu. Wenyewe kazi hiyo wanaiita phajaan. Tembo hazaliwi na adabu ya kubeba watu. Ukimkuta nayo, ujue kafundishwa, na mara nyingi ni kwa namna hiyo. Zipo kambi zilizokataa mambo hayo, kama Elephant Nature Park ya Chiang Mai iliyoanzishwa na mama mmoja anaitwa Lek Chailert, kule hakuna kupanda. Lakini zipo nyingine zilizobadilisha kibao cha mlangoni tu, ndani mambo ni yaleyale.

Kwa hiyo siku hizi siulizi mahali panaitwaje. Nauliza swali moja: umbali kati yangu na tembo anaupanga nani? Kama anaupanga mwenye kambi, mimi simo.

Sasa twende safarini. Dereva tuliyepatana naye alisema saa kumi na moja alfajiri atakuwa mlangoni. Kaja saa kumi na moja na dakika hamsini. Na gari tuliloonyeshwa picha yake, refu, la kufunuka paa, halikuwa hilo; likaja gari la chini la kawaida. Jina lake sitaji, ila jamani, safari ya nusu siku haina dakika hamsini za kuchezea. Jua likishapanda wanyama wanaingia vivulini na wewe unabaki kupiga picha nyasi. Nilinuna mpaka Makurunge. Mama mkubwa akafungua chupa ya chai na vitumbua, uso ukakunjuka.

Getini upande wa Mto Wami usiende na noti mkononi, malipo ni ya kielektroniki. Unapewa kontroli namba, unalipa kwa simu. Kiingilio cha sisi raia ni cha shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha na mgeni anayelipa kwa dola. Kinachouma ni gari. Tafuteni wenzenu mjae, mgawane, ndiyo siri yote. Palepale getini tukamchukua mwongozaji, kijana mpole, na huyo ndiye aliyeiokoa siku.

Saadani yenyewe, kwa asiyeijua, ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara ambako mbuga inaishia ufukweni mwa bahari. Imekaa mikoa miwili, Pwani na Tanga, ukubwa wake kama kilomita za mraba 1,100. Ndani ya nusu saa tulishawaona twiga, kongoni, ngiri anayekimbia kasimamisha mkia kama antena ya redio. Tembo, hakuna.

Tukakuta mavi.

Msicheke. Mwongozaji akasimamisha gari mahali panaporuhusiwa kushuka, akatuita. Bonge kubwa kama kichwa cha mtu, bado lina unyevu upande wa chini, juu limeanza kukauka. Akalipasua kwa kijiti. Ndani ni nyasi tupu zilizotafunwa nusunusu, nyuzi za magamba ya miti, na katikati kokwa ya koche. Nzima! Ile kokwa ngumu ambayo sisi utotoni tulikuwa tunaigonga kwa jiwe mpaka vidole vinavimba, tembo kaimeza, kala nyama yake ya juu, kokwa kaishusha mbali na mama yake, ikiwa na mbolea yake tayari. Akasema ndiyo maana mikoche mingi imesambaa mbugani pale. Mtoto akataka kuichukua kokwa aende nayo shule. Akaambiwa irudishe ilipokuwa, hapa hakitoki kitu. Akairudisha kwa vidole viwili, anasikia kinyaa na anatamani kwa wakati mmoja.

Saa tatu na kitu hivi, aliyewaona wa kwanza si mwongozaji, si dereva, ni mama mkubwa. Anaangalia dirishani, anasema taratibu, "Mbona kile kichuguu kinapepea masikio?"

Wallahi gari zima likanyamaza.

Walikuwa saba. Mita mia mbili kutoka kwetu, labda na zaidi, pembeni mwa kichaka. Mbele jike mkubwa, pembe moja fupi kuliko mwenzake. Mwongozaji akasema familia ya tembo inaongozwa na jike mzee, yeye ndiye anayejua maji yako wapi na hatari iko wapi. Mama mkubwa akasema, "Kungwi wao huyo." Basi tukamwita kungwi. Upepo ulikuwa unatoka nyuma yetu unakwenda kwao. Kungwi akasimama, akainua mkonga juu, ncha yake akaikunja kutuelekea, ananusa. Ananusa vitumbua vyetu, manukato ya shoga yangu, mafuta ya gari. Kwa nyuma wengine walianza kusogeleana bila haraka na bila sauti, ndama akapotea katikati ya miguu. Hakuna mlio, hakuna vumbi. Unajua ile namna watu wazima wanavyojipanga mlangoni mgeni asiyeeleweka akipiga hodi? Hivyo.

Mtoto ndiye alikuwa na darubini, na hakutaka kuitoa. Akawa anatutangazia kama mpira: "Mdogo anatokeza... mkonga wake unaning'inia tu... kaukanyaga! Shangazi, kaukanyaga mkonga wake mwenyewe!" Kumbe ndama wanazaliwa hawajui kuutumia, inawachukua miezi kujifunza. Mama yake kamchukua mimba miezi 22, halafu anakuja kujikanyaga pua mbele za watu.

Hapo dereva wetu akawasha gari. "Tuwazibie kule mbele, mtapata picha nzuri." Mwongozaji akamwambia zima. Dereva akasema, dada hawa wamelipa. Yule kijana hakupandisha sauti, akasema tu, "Wamelipa kuingia, hawajawanunua." Gari likazimwa. Naitoa alama yote ya safari hii kwa kijana yule.

Dakika kumi na moja, nimezihesabu kwenye video. Kisha kungwi akashusha mkonga, akageuka, na wote saba wakaingia kichakani. Mnyama wa tani kadhaa anatembea juu ya majani makavu na husikii kitu, kwa sababu nyayo zake zina mto wa mafuta ndani. Tulibaki tunaangalia kichaka kama mazuzu.

Video niliyopiga ndiyo hiyo mnaiona pembeni. Najua, ni vidoti vya kijivu. Simu yangu haina uwezo wa kuvuta mbali. Aliyekuja kwa ajili ya picha ya tembo kwa karibu, hapo amepata hasara na simficha.

Lakini nikuulize wewe mtu wa Bagamoyo. Kwa nini tembo wa huku waoga hivi? Pale Caravan Serai, tunapopita kila siku, ndipo misafara ya karne ya 19 ilipotua kutoka Tabora na Ujiji. Pembe zilikuja mabegani mwa watu, zikavushwa kwa majahazi kwenda Unguja, zikaishia kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi Ulaya na Marekani. Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya kale tu. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa tembo kama 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Miaka mitano! Mimi nilikuwa na simu ya kamera wakati huo, si hadithi ya bibi. Sasa jike wa miaka hamsini kayaona hayo ya juzi, na ujangili wa miaka ya 1980 kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku duniani mwaka 1989. Akinusa mtu akasogea mbali, mimi namwambia umefanya vyema, bibi.

Nitoke nje ya mada kidogo. Mwaka jana nilipita Nairobi, nikaenda kituo cha Sheldrick, kile cha ndama yatima, kilichoanzishwa 1977. Saa tano asubuhi mpaka saa sita, saa moja tu, wageni mnakaa nyuma ya kamba, ndama wanakuja mbio kunywa maziwa kwenye chupa kubwa. Pale wako karibu, ndiyo, lakini walezi wanalala nao usiku kwa sababu hawana mama, na wakikua wanapelekwa Tsavo, wanarudi porini pole pole kwa hiari yao, inachukua miaka. Kilichonikaa moyoni ni habari ya maziwa. Marehemu Daphne Sheldrick alihangaika miaka mingi, ndama wachanga wanamfia, maziwa ya ng'ombe hayawafai kwa sababu ya mafuta yake. Mwishowe mafuta yaliyokaribiana na ya mama tembo yakawa ya wapi? Ya nazi. Nilipomhadithia baba mkubwa alinipa mkono kama vile yeye ndiye aliyegundua.

Turudi Saadani. Nguo: usivae nyeusi wala bluu, mbung'o wanazipenda rangi hizo kuliko wewe unavyozipenda. Shoga yangu alivaa baibui jeusi, aliumwa hata juu ya kitambaa. Ila hao mbung'o muwaheshimu. Upande wa kaskazini, Mkwaja, palikuwa na ranchi ya ng'ombe ya kampuni ya mkonge ya Amboni (mkonge, si mkonga) tangu miaka ya 1950. Ng'ombe waliugua nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, miaka yote hiyo mpaka ranchi ikafungwa mwaka 2000, na eneo likaunganishwa na hifadhi. Saadani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Kwa hiyo ukiumwa na mbung'o, jua umeumwa na mwenye nyumba.

Masika msiende na gari la chini, udongo mweusi ule ukilowa ni kama ugali. Sisi tulikwenda kiangazi na bado tulisukuma mara moja, mama mkubwa akitoa maelekezo dirishani.

Je, nusu siku inatosha? Kwa tembo, ni bahati. Sisi tuliwapata, kundi la gari lililotutangulia getini tulikutana nalo likitoka, hawakuona hata sikio. Kama una mgeni anayetaka kurudi na uhakika, mwambie alale kule, au apande boti Mto Wami, viboko na mamba hawamkosi. Kama una mtoto anayedai kumpanda tembo, mpeleke akaone mavi kwanza. Wangu hajazungumzia kitu kingine wiki nzima, na kule shule mwalimu ameshaniita.

Saa nane kasoro tulikuwa nyumbani. Baba mkubwa yuko barazani pale pale, kofia kichwani. Anatazama miguuni kwetu, hatazami nyuso. "Tembo mmewaona?"

Mama mkubwa akamwambia, tumewaona saba.

"Na dumu?"

Ngoja niwaonyeshe. Hili hapa. Kavu.