Amplifaya ndogo za TPA3116D2 pale Kariakoo: soma adapta, usisome boksi

Kwa spika za sebuleni za omu 6 au 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), hizi amplifaya za ukubwa wa kiganja zenye chipu ya TPA3116D2 zinafaa kununuliwa. Sauti yake ni safi, hazili umeme wa LUKU, na zinakaa popote kwenye kabati la TV. Shida iko kwenye ile "100W + 100W" iliyochapwa usoni. Hizo wati hazipo, na anayezichukulia kuwa kweli ndiye anayerudi kwa fundi na twita (vispika vidogo vya sauti za juu) zilizoungua.

Chipu yenyewe haina tatizo. Ni ya Texas Instruments, inakubali volti 4.5 hadi 26, na mtengenezaji anaitaja kuwa ya wati 50 kila upande, kwa spika ya omu 4 na umeme wa volti 21. Tena hizo 50 zimepimwa sauti ikiwa imeshachafuka kwa asilimia 10, kiwango ambacho sikio linasikia mkwaruzo waziwazi. Sasa geuza adapta usome kilichoandikwa mgongoni. Ikiwa ni volti 24 na ampea 4.5, ukizizidisha ni wati 108, kwa pande zote mbili pamoja na joto linalopotea. Wati 200 zitatoka wapi?

Hesabu ya kujua wati za kweli ni fupi: zidisha volti za adapta kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu za spika zilizozidishwa kwa mbili. Kwa spika ya omu 8, adapta ya volti 12 inatoa wati 9. Ya volti 19 inatoa kama 22, ya volti 24 inatoa 36. Kiuhalisia toa kidogo hapo, maana chipu nayo inakula chake. Kwa hiyo ukiuziwa ikiwa na kiadapta cha volti 12, umenunua amplifaya ya wati 9, hata boksi liseme nini. Omba bei ya amplifaya peke yake, halafu tafuta chaja ya laptop ya volti 19 yenye ampea 3.42 au 4.74. Kwenye maduka ya laptop zilizotumika ziko tele. Chagua yenye pini ya milimita 5.5, chanya ikiwa katikati. Zile pini nene za Dell na HP za milimita 7.4 haziingii. Kabla ya kufikiria volti 24, fungua kasha uangalie kapasita kubwa (vikopo vya kuhifadhi umeme) za pale umeme unapoingilia. Zikiwa zimeandikwa 25V, baki na 19. Kapasita inayofanya kazi ukingoni kabisa mwa uwezo wake, kwa joto la Dar, haidumu.

Je, wati 22 zinatosha? Hapo uliza spika, na namba ya kuuliza ni desibeli zake, yaani ukubwa wa sauti inayotoa, kwa wati moja, umbali wa mita moja. Watu wengi huruka mstari huo na kukimbilia wati. Spika ya desibeli 88 ikipewa wati 22 inafika karibu 101 kwenye mita moja, na kwa sebule ya kawaida ya Sinza au Tabata hiyo ni sauti ya kumkera jirani. Ya desibeli 84 inataka wati mara mbili na nusu ili ifike hapohapo. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo masikio yanaihisi kidogo. Mfano wa ndoa nzuri ni Q Acoustics 3020i: desibeli 88, omu 6, na mtengenezaji anapendekeza amplifaya ya wati 25 hadi 75. Kwa volti 19, hii ndogo inaipa karibu 30.

Kinachoua spika za nyumbani mara nyingi ni amplifaya dogo lililokamuliwa kupita uwezo wake. Wimbi la sauti likigonga dari la volti za adapta, kichwa chake kinakatwa bapa. Kukatwa huko kunazaa masafa ya juu ambayo hayakuwepo kwenye wimbo, na yote yanaishia kwenye twita, ambayo koili yake (waya uliosokotwa ndani) ni nyembamba na haikuumbwa kubeba wati nyingi mfululizo. Kitasa cha kuongezea sauti nacho kinadanganya. Chanzo chenye sauti kubwa kinaweza kuifikisha amplifaya mwisho kitasa kikiwa nusu tu. Fuata sikio: besi ikianza kufoka na sauti ya mwimbaji kuwa kali, rudisha nyuma.

Dukani nenda na multimita. Kwanza pima spika kwa kipimo cha omu: ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 na pointi. Hii ni muhimu kwa spika za mtumba, ambazo stika ilishabanduka zamani. Kagua na ukingo wa wufa (spika kubwa ya besi) kwa kidole; ule wa sponji huoza kwa miaka, nao ukimeguka koni, ule uso unaotikisika, haina wa kuishika. Kisha washa amplifaya bila muziki, pima volti za DC kwenye tundu mbili za spika. Isome karibu na sifuri. Ikisoma volti nzima au zaidi, irudishe mezani, maana hiyo itachoma koili ya wufa kimyakimya. Tikisa pia bati la kupoza joto lililo juu ya chipu. Likicheza, amplifaya itajizima kila muziki unapokolea.

Kwenye kufunga kuna kosa moja baya: kuunganisha hasi za spika mbili kuwa waya mmoja. Chipu hii inasukuma nyaya zote mbili, hasi yake si ethi (waya wa ardhi), na ukiziunganisha unaweza kuiua. Spika mbili za omu 4 usiziweke sambamba upande mmoja. Zinakuwa omu 2, chini ya inachovumilia. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 unatosha hadi mita 5. Ukwangue kwa wembe kwanza, kwani ukitokea mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba.

Umeme ukikatika, amplifaya hii inakubali betri ya sola ya volti 12, kwa zile wati 9, na kwa kusikiliza taarifa au taarabu ya taratibu zinatosha kabisa. Kwa sherehe ya uani isahau. Na mwenye spika za desibeli 84 au omu 4 zenye njaa atafute amplifaya kamili, mfano Yamaha A-S301, yenye wati 60 za kweli kila upande kwa omu 8. Ila ajue kwamba kutoka 22 hadi 60 anaongeza desibeli 4 na kidogo, basi.