Kijitabu cha miisho ya maneno ya Kiingereza: nilichokipenda na nilichokisahihisha

Muhula huu nimefundisha Kidato cha Kwanza nikiwa na kijitabu cha msamiati wa Kiingereza nilichokinunua kwa shilingi 6,000 kwenye meza ya vitabu mjini Morogoro. Hakikupanga maneno kwa herufi ya kwanza, kama kamusi zilivyo, bali kwa mwisho wake: yanayoishia na "-logy" yamekaa pamoja, ya "-phobia" pamoja, ya "-less" pamoja, na kila neno limepewa maana yake kwa Kiswahili. Kwa mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakuta karibu masomo yote ya sekondari yako kwa Kiingereza, mpangilio huu ni msaada wa kweli, kwa sababu akishika mwisho mmoja anakuwa na ufunguo wa maneno mengi.

Ukurasa wa "-logy" ndio bora kuliko yote. Mizizi imechapwa kwa wino mzito, kwa hiyo jicho linaona mara moja kwamba "bio" ni uhai na "geo" ni dunia, na "apology" imetengwa chini kwa maelezo mafupi kwamba mwisho wake unatokana na neno lilelile la Kigiriki lenye maana ya usemi, ingawa lenyewe si jina la elimu yoyote.

Uangalifu huo haupo kwenye ukurasa wa "-cide", na hapo ndipo nilipoumia. Kichwa chake kinasema kwamba maneno yenye mwisho huu yanahusu kuua, kisha yanafuata "homicide", "genocide", "insecticide", "fungicide", "decide" na "coincide" katika safu moja. Mwanafunzi wangu mmoja, msichana makini sana, aliandika katika zoezi kwamba "coincide" ni kuua sarafu. Hakukosea kufikiri: alichukua "coin", ambayo ni sarafu, akaiunganisha na kanuni aliyopewa. Aliyekosea ni mwandishi. Mwisho wa "coincide" unatokana na kitenzi cha Kilatini "cadere", kuanguka, na maana yake ni mambo mawili kuangukia wakati mmoja, kama sisi tunavyosema kwamba Idi imeangukia Ijumaa. "Homicide" na wenzake wanatokana na "caedere", yaani kukata au kuua. Hata "genocide", neno lililobuniwa na Raphael Lemkin na kuchapishwa mwaka 1944, liliundwa kwa kuunganisha "genos" ya Kigiriki, yaani kabila au taifa, na mwisho huohuo wa Kilatini.

Mfano wa kumwelewesha mtoto upo katika lugha yake. "Mwimbaji" na "mchezaji" zina "-aji" ya mtendaji, lakini "maji" na "taji" zinaishia vivyo hivyo bila kumtaja mtendaji yeyote. Nilipowaandikia hayo ubaoni, darasa zima lilielewa kwamba kufanana kwa herufi si udugu wa maana.

Tafsiri nazo zilihitaji mkono wa pili. "Fungicide" imeelezwa kuwa ni "dawa ya fangasi", na wanafunzi wakadhani ni ya kupaka vidoleni, ilhali wale waliotoka Mgeta, ambako wazazi wao hulima mboga, wanaijua vizuri kama dawa ya ukungu inayopulizwa shambani. "Priceless" imeandikwa "isiyo na thamani", kosa ambalo linageuza maana juu chini, kwani neno hilo husemwa juu ya kitu chenye thamani isiyokadirika.

Karatasi ni nzuri na herufi zinasomeka, ingawa gundi ya mgongo iliachia kabla ya mwezi kwisha.

Nashauri mwalimu akinunue, lakini asimwachie mwanafunzi akisome peke yake hadi kitakaposahihishwa. Katika nakala yangu nimepiga mstari wa penseli kuitenga "coincide". "Decide" nimeiacha mahali pake, kwa kuwa nayo ni ya "caedere", ila kwa maana ya kukata badala ya kuua, na pembeni yake nimeandika maneno mawili ambayo hakuna mwanafunzi aliyehitaji kufafanuliwa: kukata shauri.