Jezi za mtumba Toi Market, Nairobi: nyota waache hapo mbele

Kibanda hiki kinauza jezi za mpira wa kikapu tu, na mwenyewe anaujua mchezo. Za nyota ametundika mbele. Nyingi ni feki, namba zinabanduka zikifuliwa. Zipite, chimba rundo la chini.

Zamani huko chini jezi ya Kyle Korver wa Atlanta, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, namba 26, ilikuwa bei ya kutupa. Nani alitaka mtu wa kazi moja, kurusha kutoka mbali? Siku hizi jamaa ameamka. Nilipovuta jezi ya Alex Caruso, mtu wa kukaba, ile ya Chicago, akasema elfu moja mia mbili. "Bosi, huyu ndiye aliyemkaba Jokić." Hapo hakudanganya: 2025, mchezo wa 7, wa kuamua kati ya Oklahoma City na Denver ya Jokić, Oklahoma City walimpa Caruso kazi ya kulizuia lile jitu, wakashinda, na baadaye wakatwaa ubingwa. Hakuna timu iliyomchagua 2016 kwenye drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya. Sasa ana mkataba wa dola milioni 81 kwa miaka 4.

Tulikubaliana mia nane. Mshono safi, kwapa halijachakaa. Pa kujaribia hapana, unavaa juu ya shati watu wakikutazama.