Uzoefu wangu na mbao za paini: sebule mpya kwa laki nne

Kwa anayetaka kubadilisha sebule bila kuingia kwenye mkopo, mimi nasema achukue paini, ila iwe kavu. Tunaishi Uyole, Mbeya. Stendi ya tivii, shelfu za ukutani na benchi la dirishani tulizochongesha zimeshapita baridi ya Juni na Julai na mvua zote hadi Aprili, kwa hiyo sasa naweza kuzisemea.

Bajeti ilikuwa laki nne. Humo mna mbao, ufundi, skrubu, gundi, msasa na klia (vanishi isiyo na rangi), na ikabaki kidogo ya kununulia vikapu vya Iringa, vile vya milulu wanavyosuka akina mama wa Kihehe. Nimevitundika ukutani badala ya picha na wageni wote huanza kuviulizia hivyo. Kabla ya hapo tulikuwa na stendi ya dukani ya chipubodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Ilivutia macho siku ya kwanza, lakini kila tukipiga deki miguu ilikunywa maji na kuvimba, na skrubu zikilegea hazishiki tena. Mninga ni mzuri, hakuna ubishi, ila kwa fedha ile nisingemaliza hata stendi.

Paini ya huku kwa sehemu kubwa inatoka Mufindi, kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill na kwa wakulima binafsi, kisha inashuka Mafinga na kupandishwa malori ya kuja Mbeya. Haisafiri mbali, na bei inavumilika.

Shida iko kwenye maji. Mbao nyingi zinauzwa zikiwa zimetoka mashineni juzi tu. Fundi wangu alinyanyua ubao mmoja wa inchi moja kwa nane, akaupima kwa mkono, akauweka shavuni. "Dada, huu bado una maji. Nikiuunga leo, baada ya muda utaniita tena." Ubao mbichi ni mzito kuliko wenzake wa saizi ileile, unagusa ngozi kwa ubaridi, na ukiugonga unatoa sauti iliyofifia. Ukikaa ndani unakauka na kusinyaa kwa upana, urefu haubadiliki sana. Hapo ndipo maungio yanapoachana na meza inapopinda.

Basi tulizinunua mapema, zikapangwa barazani chini ya paa, juu ya matofali, kila safu ikitenganishwa na vijiti ili upepo upite, na mawe mazito juu kuzuia zisijikunje. Kiangazi cha huku ni kikavu na kinafanya kazi hiyo bure. Ukinunua mbao Januari mvua ikiwa imeshika, subira itakuwa ndefu zaidi.

Angalia pia kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Ukiona kiini cha mti kimepita katikati, uache, huo utapasuka au kujisokota. Miduara mipana sana ina maana mti ulikua haraka na mara nyingi ulivunwa ukiwa mchanga, na mbao za miti michanga hupinda kirahisi. Madoa ya rangi ya bluu ni ukungu. Hayapunguzi sana nguvu ya ubao, ila chini ya klia yanaonekana waziwazi, kwa hiyo mbao hizo tulizipeleka kwenye shelfu zilizopakwa rangi nyeupe.

Jambo moja naomba mlichukulie kwa uzito. Mbao zenye ukijani zimetiwa dawa kwa ajili ya kenchi na nguzo. Dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Usitengenezee kibao cha kukatia mboga, fundi asivute vumbi lake, na vipande vinavyobaki visiingie jikoni hata kama baridi imezidi. Nimeona watu wakiviota moto na inaniuma, kwa sababu moshi wake ni sumu.

Kwenye kumalizia, tulianza na msasa namba 80, tukaja 120, mwisho 240, tukifuata mkondo wa nyuzi. Klia tulipaka kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane, maana jioni ya Uyole haikaushi kitu. Nilichagua ya maji kwa kuwa vanishi ya mafuta huifanya paini iwe ya njano kadiri siku zinavyokwenda, na mimi naupenda weupe wake.

Kasoro zipo. Paini ni laini: mtoto aligonga benchi kwa gari lake la bati na alama imebaki. Kifundo kimoja kwenye stendi kilitoa utomvu, fundi akakikwangua na kukipaka upya bila kunidai. Isiyo na dawa inapendwa na mchwa, kwa hiyo miguu ya benchi imekaa juu ya raba na kila nikifagia nainama kuangalia. Bafuni au nje kwenye mvua nisingeiweka.

Chumba cha watoto ndicho kinachofuata. Kitanda kitakuwa cha mbao za inchi mbili kwa nne, nazo tayari ziko barazani zinakauka.